Fundi aliyefungua koo za spika za Geita

Saa tatu asubuhi Boaz Thobias anaingia dukani akiwa amekumbatia spika kubwa nyeusi, anahema. Anaitua mezani, anafuta jasho kwa kiganja, kisha anazungumza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.

"Mama Enock, umeniua. Baa nzima jana imekaa kama kuna msiba. Nakuomba, ifungue koo tena."

Mama Enock ni Limi Mageni, fundi mwenye umri wa miaka 41. Anaunganisha nyaya, anaweka muziki, halafu anafanya jambo la ajabu kwa fundi wa spika. Badala ya kusikiliza, anagusa. Anaweka ncha ya kidole kwa wepesi juu ya tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na kufumba macho.

"Inatetemeka," anasema. "Maana yake inaimba."

"Inaimba wapi? Mbona mimi sisikii kitu?" anauliza Boaz.

"Hata mimi."

Wanatazamana. Mwandishi wa makala haya, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kando yao, anaisikia tuita hiyo vizuri kabisa na hajui aseme au anyamaze. 

Duka la Limi lipo kwenye uchochoro wa pili kutoka soko la mjini Geita. Upana wake hauzidi mita mbili na nusu, na nusu ya hizo zimekaliwa na spika za watu. Kwa miaka kumi na moja Limi amekuwa akisuka koili humo: anazungusha waya mwembamba wa shaba, mzunguko kwa mzunguko, mpaka spika iliyoungua irudi kuimba. Koili ndogo ni shilingi 15,000, kubwa ni 40,000. Siku ikiwa nzuri anasuka nne.

Lakini jina lake halikutokana na koili. Lilitokana na zawadi.

Ndani ya spika nyingi, kabla umeme haujafika kwenye tuita, watengenezaji huweka kipande kidogo cheupe kiitwacho rizista. Kazi yake ni kuipunguzia tuita nguvu ili sauti nyembamba isizidi nyingine. Kila spika iliyopita mikononi mwa Limi, hata iliyoletwa kwa ajili ya waya uliokatika tu, alikitoa kipande hicho na kuunganisha waya moja kwa moja. Alifanya hivyo bila malipo na bila kuulizwa, na akauita utaratibu huo kufungua koo.

"Niliona kama wamemkaba mtu anayetaka kuimba," anasema. "Nikasema mteja wangu amelipa hela yake, basi na asikie vyote. Nikawa nakata."

Na watu walifurahi. Wenye baa walifurahi, wenye saluni walifurahi, wanunuzi wa dhahabu wenye magari yanayotingisha madirisha ya majirani walifurahi kupita wote. Mjini ilijulikana kwamba spika ikitoka kwa Mama Enock inaongea. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, na hilo ndilo linalomvuruga akili hadi leo.

"Miaka kumi na moja," anasema. "Hata mmoja. Sasa nijue nini, niamini nini?"

Limi alizaliwa Samuye, Shinyanga Vijijini, katika nyumba ya wakulima na wafugaji. Akiwa na miaka ishirini aliolewa na Charles, fundi wa mota, wakahamia pembezoni mwa Bulyanhulu kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo. Karasha ni pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani. Mawe yanaingia, pipa linazunguka, yanatoka unga. Kazi ya Limi ilikuwa kulisha mawe, kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa shilingi 7,000 kwa siku. Alifanya hivyo miaka minane.

"Mwanzoni masikio yalikuwa yanalia mpaka nimelala," anakumbuka. "Baadaye yakaacha. Nikajua yamepona."

Charles ndiye aliyemfundisha kusuka mota zilizoungua. Kutoka kwenye mota akahamia kwenye spika, maana ni nyepesi kubeba na wenye nazo hawaishi. Walipohamia Geita tayari mikono yake ilikuwa na sifa.

Yote yalikwenda vizuri hadi Februari mwaka huu, siku Mzee Mansukhlal alipokuja na gari kutoka Shinyanga mjini, spika mbili zimelazwa kiti cha nyuma, zimefungwa mablanketi.

Mansukhlal ana miaka 68. Aliuza vitambaa maisha yake yote na sasa duka amemwachia mwanawe, Vipul. Yeye amebaki na santuri zake, elfu moja na mia mbili na kitu, na mashine ya kuzipigia ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeruhusiwa kuifuta vumbi. Spika zile baba yake alizinunua Nairobi mwaka 1974. Tuita ya moja ilikuwa imeungua.

Limi akasuka koili kwa siku mbili, akaipima kwa mita ya umeme, ikawa sawasawa. Kisha akatoa zawadi. Kwa kuwa mzee alikuwa ametoka mbali, alifungua koo zote mbili, hata ya ile spika nzima.

Siku ya tatu simu ikalia. Mzee anamwomba aje Shinyanga.

"Nilijua ananiita anishukuru," anasema Limi, na hapo anacheka peke yake, kicheko kifupi. "Nikavaa gauni la kanisani."

Alikaribishwa kwenye chumba ambacho hakuwahi kuona mfano wake. Viatu vilibaki nje. Kulikuwa na mazulia sakafuni na mengine yametundikwa ukutani, spika zimesimama mbali na kona, na mbele yake kiti kimoja tu.

"Nikamuuliza, mzee, wengine wanakaa wapi? Akasema hakuna wengine. Muziki wa mtu mmoja! Kwetu ukikutwa umejifungia unasikiliza ngoma peke yako, ndugu wanaitwa waje wakuangalie."

Mansukhlal akamkalisha kwenye kiti chenyewe, akashusha sindano juu ya santuri. Mwanamke akaanza kuimba, nyuma yake magitaa. Limi akaridhika. Sauti ilikuwa safi, safi kama zote anazotengeneza. Alipogeuka akamwona mzee amesimama mlangoni, ameziba masikio kwa viganja.

"Mama," mzee akamwambia, "humu umeniwekea wembe."

Limi hakuelewa. Mzee naye hakuelewa kwa nini haeleweki. Wakabishana kwa adabu, kila mmoja akimwona mwenzake ana lake jambo, mpaka Mansukhlal akaenda kabatini na kutoa santuri ambayo haina wimbo. Ina mluzi mmoja tu unaopanda polepole, kutoka sauti nene hadi nyembamba kabisa. Wanaopenda mambo ya sauti huitumia kupimia spika zao, na kwa siri, masikio yao. Wakakubaliana kila mmoja ainue mkono, na aushushe mluzi utakapopotea.

"Mimi ndiye mzee," anasema Mansukhlal, ambaye nilizungumza naye mara mbili nyumbani kwake. "Nilijua nitashusha mkono kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu."

Limi alishusha mkono mluzi ulipofika mitetemo elfu nne kwa sekunde. Mzee alifika elfu tisa.

"Nilidhani santuri imeisha," anasema Limi. "Nikamwona mzee bado kainua mkono, ananiangalia, macho yamejaa maji. Nikamwambia, mzee, shusha mkono, imeisha. Akatikisa kichwa."

Siku hiyo aliondoka bila kunywa chai. Mwezi Aprili alikwenda hospitali moja jijini Mwanza, akavalishwa vitu masikioni, akaambiwa yale yale kwa karatasi. Sauti nyembamba zimekwenda, na zinapokwenda hazirudi. Hapo ndipo alipomuuliza daktari swali lililomnyima usingizi: kama sisikii, mbona watu wananisifu?

Daktari akamuuliza wateja wake wanafanya kazi gani. Limi akaanza kuwataja. Huyu alikuwa karashani. Huyu anachoronga miamba. Huyu analipua. Yule mwenye baa, Boaz, alilisha mawe miaka tisa kabla hajafungua biashara.

"Akaniangalia, akaniambia, basi mama, mnasikia sawa, wewe na wao."

Nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa na bado linanizungusha. Mwanamke asiyesikia sauti nyembamba aliziongeza mpaka akazisikia kidogo. Akawauzia watu ambao nao hawazisikii, nao kidogo hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ni sisi wengine tuliokuwa tunapita mbele ya baa zile tumekunja uso, tukidhani watu wa Geita wana kelele kwa kupenda.

Na watoto. Kwenye kanisa analosali Limi, spika alizifungua koo yeye mwenyewe, sadaka yake. Kwa miaka minne watoto wa shule ya Jumapili, wanaokaa mbele, wamekuwa wakitia vidole masikioni kwaya ikianza, na kwa miaka minne wamekuwa wakikemewa kwa utovu wa adabu. Limi anasema naye aliwakemea. Alipofika hapo katika kusimulia waya wa shaba ukamkatikia mkononi.

Mwezi Mei aliamua kusahihisha. Alianza na kanisa, akarudisha rizista. Watoto wakatoa vidole masikioni. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa wakamwita na kumwambia spika zimeharibika, kwaya inaimba kama imefunikwa shuka. Akaenda kwa Boaz, akamweleza ukweli wote, akaifunga koo spika yake bure. Siku mbili baadaye ndipo Boaz akaja nayo amekumbatia, kama tulivyoona.

"Unaniambia mimi kiziwi?" Boaz anamuuliza asubuhi hiyo. "Mbona nakusikia unavyoongea?"

"Unanisikia kwa sababu napiga kelele, Boaz. Wote tunapiga kelele."

Boaz anafikiri. "Sasa hiyo spika ni ya nani? Ya kwangu au ya hao wanaosikia?"

Limi anaivuta spika karibu. Anachukua koleo, anakata rizista, anaunganisha waya. Muziki unaruka, Boaz anatabasamu, na mimi nasogeza kiti changu karibu na mlango.

"Nikifunga, wakubwa wananilalamikia. Nikifungua, naumiza watoto," anasema Limi, Boaz alipoondoka. "Fundi mzuri ni yupi hapo? Wewe umesoma, hebu niambie." Nilimwambia sijui, na ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye kona ya duka, chini ya khanga, zilikuwepo spika za Mansukhlal. Alizirudisha Geita mwenyewe na kukataa kuzipeleka kwingine. "Koili aliyosuka ni nzuri kuliko ya kiwandani," aliniambia. "Mikono kama hiyo siwezi kuiacha kwa sababu ya masikio. Aliyezifungua ndiye atakayezifunga."

Ni rahisi kusema. Rizista za mzee, Limi alizitupia kwenye kopo la maziwa ya unga anamotupia zote za mwaka huu. Tulilimwaga mezani tukahesabu: 342. Koo 342 zilizofunguliwa, na maandishi mengi yamefutika kwa joto na vumbi. Mita ilimsaidia kuzipanga kwa ukubwa, zikapatikana aina kumi na saba. Lakini mita haijui aina ipi ilikuwa ya mzee, na kwa kuwa koili ni mpya, hata kama mzee mwenyewe angeikumbuka, pengine isingefaa tena. Ilibidi kuchagua kwa kusikiliza.

"Nikishindwa hizi nafunga duka," alisema siku hiyo akizifunika. "Siwezi kuuza kitu nisichokijua."

Julai akazipakia kwenye basi la Kahama, mimi nikiwa naye, akazipeleka kwa mtu pekee aliyemwamini: dada yake Rhoda, mwenye miaka 47, mkulima na mfugaji wa Samuye, ambaye hajawahi kusimama karibu na karasha na hana hata redio inayofanya kazi.

"Mwangaluka," Rhoda alitusalimu kwa Kisukuma, kisha akaziangalia spika kwenye uwanja wake. "Sasa hayo majeneza ni ya nani?"

Zikawekwa sebuleni, magunia ya mpunga yakasogezwa. Limi alikuwa na simu yenye nyimbo tatu alizonakiliwa na mzee. Kazi ya Rhoda ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kusema anachosikia. Kazi ya Limi ilikuwa kubadilisha rizista, jozi moja baada ya nyingine, na kuamini.

Kuamini kulimshinda siku nzima ya kwanza. Kwake kila jozi ilikuwa wimbo ule ule. Rhoda alikaa amekunja mikono, akatoa hukumu kama anachagua mbegu.

"Hapa anaimba yuko ndani ya debe. Toa."

"Hapa mtu anakwangua sufuria kwa msumari. Toa, toa haraka!"

"Dada, unasema kweli au unanifurahisha?"

"Nikufurahishe kwa nini? Ng'ombe hawajanywa maji, mimi niko hapa nasikiliza wembamba na unene. Badilisha."

Siku ya pili Limi akamtega. Alijifanya anabadilisha, akapekuapekua nyuma ya spika, akarudisha jozi iliyopigwa jana yake jioni. Wimbo ukaanza. Rhoda akakunja uso.

"Hii si ile ya jana, ya debe? Umeishiwa?"

Limi akakaa chini, sakafuni pale pale. Nilidhani amefurahi kwa sababu mtego umeonyesha dada hasemi uongo. Alikuwa analia. Aliniambia baadaye kwamba mpaka dakika ile kuna sehemu ndani yake ilikuwa bado inatumaini kwamba hawa wote, mzee, daktari na dada yake, walikuwa wanajidanganya tu, na kwamba hakuna kitu kilichopotea.

Rhoda hakumbembeleza. Alimpa maji, akamwambia, "Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuita kutoka kisimani, unaitikia. Siku hizi ukija naita mara tatu. Nilijua umekuwa mtu wa mjini, una maringo." Kisha akageuka kutazama mlango. 

Siku ya tatu, jozi ya kumi na moja, Rhoda alinyoosha mkono kumzuia Limi asiguse kitu. Akasikiliza wimbo hadi mwisho.

"Hapo," akasema. "Hapo ni mtu tu."

Limi akachomelea jozi hiyo kwa waya wa risasi, akafunga skrubu, akamshukuru dada yake kwa neno la kwao, wabeja, akampa shilingi elfu hamsini. Rhoda alizikataa mara mbili, mara ya tatu akazifunga kwenye pindo la khanga.

Kutoka Samuye tulikwenda Shinyanga mjini moja kwa moja. Mzee Mansukhlal alizisimamisha spika zake mahali pake, akipima umbali kutoka ukutani kwa futi ya fundi cherehani. Ilimchukua nusu saa. Limi alisimama kwenye kona akiwa peku, mikono nyuma. Hakuvaa gauni la kanisani safari hii.

Santuri ilikuwa ile ya siku ya wembe. Mzee akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho. Wimbo ulipigwa, ukaisha, santuri ikabaki ikizunguka chini ya sindano, na mzee hakufungua macho. Limi alinitazama mimi. 

"Mama," mzee akasema hatimaye. "Kabla hajaanza ubeti wa pili, anavuta pumzi. Miaka mitatu hii sijamsikia akivuta pumzi. Nilidhani ni uzee."

"Pumzi?"

"Pumzi yake. Kidogo tu. Kisha anaimba."

"Irudie, mzee."

Akairudia. Limi alisogea katikati ya chumba, kichwa ameinamisha upande. Hakusikia. Akaomba tena, akapiga magoti mbele ya spika ya kulia. Hakusikia. Mara ya tatu mzee aliinua kidole pumzi ilipopita, ili amwonyeshe, na Limi akatikisa kichwa kwamba hapana, lakini alikuwa anahesabu. Nilimwona anahesabu mapigo ya gitaa kwa midomo.

Mara ya nne mzee hakufanya ishara yoyote. Magitaa yakapita, ubeti wa kwanza ukaisha, na Limi, akiwa bado amepiga magoti, akainua kidole chake mwenyewe. Mzee akashtuka. Mimi pia niliisikia pumzi ile, pale pale kidole kilipoinuka.

"Umemsikia!" akasema Mansukhlal.

"Hapana, mzee. Sijamsikia." Alisimama, akajifuta magoti. "Lakini najua yupo, na najua yuko wapi."

Nje, Limi alipokuwa akivaa viatu kwenye ngazi, nilimuuliza sasa atafanyaje. Alisema hatakata tena rizista ya mtu kabla hajauliza nani anakaa karibu na hiyo spika, na kama ana watoto. Wenye masikio kama yake atawafungulia, kwa kuwa nao wana haki yao ya muziki. Za wengine atazipeleka Samuye kila mwisho wa mwezi, dada yake akikubali, na anadhani atakubali akiahidiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Za kanisani bado hajui. Alisema hivyo mara mbili, kwamba za kanisani bado hajui kabisa.

Kisha akasimama, akatafuta mkobani nauli ya basi la Geita.

"Kesho saa mbili," akasema, "nafungua duka."